Sauti Iliyokaa Kwenye Mbabula

Kwetu binti hatoki nyumbani kimya. Siku wakwe wanapokuja kumchukua, kabla hajavuka mlango, mtu wa ukoo husimama kando yake na kumtaja: yeye ni nani, ametoka kwa nani, babu zake waliteremka kutoka kaskazini kwa njia gani, walilala wapi, walijenga nini. Ni maneno marefu ya Kiluba, na yana mwendo wake, kama mtu anayetwanga bila haraka. Binti asipotajwa, hakuna anayemrudisha ndani. Ndoa ni ndoa, na padri hatauliza. Lakini wanawake wa kwetu husema ameondoka kama mzigo, na neno hilo humfuata huko aendako.

Katika nyumba yetu mtaani Katuba, mwenye maneno hayo alikuwa nkambo, yaani bibi yetu, mama yake baba. Aliyapokea akiwa msichana kutoka kwa shangazi yake, akayabeba kichwani hadi mjini, kisha akayaongezea ya kwake. Wazee wa zamani walivuka mito, alisema, lakini mume wake na baba wa mume wake walifanya kazi ya reli na ya tanuru la shaba, na si haki mito isifiwe na treni iachwe. Kwa hiyo mwisho wa sifa zetu kuna treni. Kuna mtu aliyemeza moshi wa treni akakohoa cheche. Kuna mwanamke aliyemngoja mumewe kwenye kituo hadi chakula kikaota ukungu, na hakukitupa. Nilipokuwa mdogo nilidhani hayo yameandikwa katika Biblia.

Katika msimu wa mvua wa mwaka ambao mdogo wangu aliolewa, nkambo aliamka asubuhi moja, akashika kikombe chake cha chai, akafungua mdomo ili amwite mama. Hakikutoka kitu. Hospitalini walitueleza kwamba mshipa mmoja wa kichwani ulikuwa umeziba, na walitueleza vizuri, kwa upole, mara ya pili na ya tatu kwa sababu mama hakuamini. Mkono wa kulia ulirudi polepole. Miguu ilirudi. Maneno hayakurudi. Alisikia kila kitu na kuelewa kila kitu. Alicheka kwa macho. Ukimuuliza jambo, alijibu kwa kichwa na vidole, lakini koo lake halikutoa hata mguno.

Ndoa ilikuwa imekaribia sana. Mdogo wangu alituambia tusijisumbue.

"Miye niko sawa, yaya," aliniambia, yaani mkubwa wake. "Bantu bengi banaolewa bila ile maneno."

Alisema hivyo huku akikunja pagne, kitenge chake, ileile aliyokuwa ameshaikunja, akiifungua, akiikunja tena.

Aliyepaswa kusimama mahali pa nkambo alikuwa shangazi, binti yake wa pekee. Shangazi huuza sombe sokoni Katuba, majani ya muhogo yaliyotwangwa tayari, na sauti yake inafika mwisho wa safu ya meza bila yeye kujitahidi. Sauti haikuwa shida. Shida ilikuwa kwamba alijua mwanzo tu. Mwanzo sote tulijua. Tuliusikia tangu utotoni, tukawa tunaondoka kwenda kucheza kabla nkambo hajafika katikati.

Asubuhi tuliyokuwa tunatayarisha munkoyo, kinywaji cha mahindi, kwa ajili ya sherehe, shangazi alisimama katikati ya lupango, uani pale mbele ya jiko, akajaribu. Alinyoosha mkono, akaanza vizuri kabisa. Akapita jina la kwanza, la pili, la tatu, kisha akanyamaza na kutazama juu kana kwamba jina lililofuata lingeanguka kutoka kwenye mabati.

Mama, aliyekuwa akikoroga sufuria, hakumhurumia wifi yake hata kidogo.

"Mulamu, umefika ku muto umekosa mutumbwi?"

"Ku muto? Miye sijafika ku muto! Niko bado mu lupango, natafuta viatu!"

Tulicheka wote. Nkambo alikuwa ameketi kwenye mkeka kando ya ukuta, mahali jua la asubuhi linapofika mapema, na macho yake yalicheka pamoja nasi. Kisha niliona yameacha kucheka. Alikuwa anamtazama mdogo wangu, aliyekuwa ameinamia mahindi bila kuinua uso. Nkambo alifungua mdomo, akaufunga. Maneno yalikuwa yote mle ndani. Nadhani hicho ndicho kilichomtesa zaidi: hakuwa amesahau hata moja.

Mama ndiye aliyekumbuka.

"Na ile odio?" alisema, na mwiko ukasimama. "Odio ya mutoto wa Kinsevere."

Ilikuwa kweli. Miaka kadhaa nyuma, babu alipofariki na nkambo akiwa katika kilio, mke wa baba mdogo alijifungua mtoto wa kiume. Baba mdogo anafanya kazi ya kuendesha magari makubwa huko Kinsevere, kwenye mgodi, na mkewe hakuweza kusafiri na kitoto kichanga. Basi baba mdogo alipokuja kwenye matanga, alimwomba nkambo amtaje mtoto akiwa mbali, maana kwetu mtoto mchanga naye hutajwa. Nkambo alimtaja, sifa zote, mwanzo hadi treni. Baba mdogo akazinasa kwa simu na kuzituma kwenye kundi la familia, lile ambamo sote tumo, ili mkewe amsikilizishe mtoto. Sote tulizisikia siku ile. Baada ya hapo hakuna aliyezisikiliza tena. Nani angehangaika na simu wakati mdomo wenyewe ulikuwa umeketi uani?

Tulimpigia baba mdogo. Nyuma yake magari yalikuwa yananguruma.

"Ile telefone?" alipaza sauti. "Ile ilianguka mu maji, iliisha kufa zamani! Lakini nilituma mu grupe. Angalieni mu grupe! Odio ya nkambo, iko mule!"

Simu yangu ilikuwa mpya, haikuwa na historia. Ya mdogo wangu vilevile, na ya shangazi ilikuwa ile ya kupigia tu. Ilibaki ya mama. Simu ya mama ina ufa unaotoka kona moja hadi nyingine, na tangu alipoinunua hajafuta kitu. Nilipomuuliza zamani kwa nini, alinijibu kwamba kufuta ujumbe wa mtu ni sawa na kumwambia anyamaze. Kila siku simu humwonya kwamba nafasi imejaa. Kila siku mama huijibu kwa sauti, "Ndiyo, nimesikia," na kulifunga onyo.

Aliitoa kwenye fundo la pagne, akaketi kwenye benchi na kuanza kupandisha ujumbe kwa kidole gumba.

"Nitafika," alisema.

Kundi letu ni kama kundi lolote la familia. Kila asubuhi watu husalimiana mmoja mmoja, na kila mmoja hujibiwa na wote. Kuna sala, kuna mahubiri, kuna habari za misiba, watoto waliofaulu, samaki wanaouzwa na jirani ya mtu, mechi, harusi za watu tusiowajua. Mama alipandisha, akapandisha. Akafika Pasaka. Akafika ugonjwa wa mtu aliyepona zamani. Kisha kidole kikateleza, akagusa mahali fulani, na kundi zima likaporomoka hadi chini kabisa, kwenye salamu za asubuhi ile.

Shangazi alipiga makofi. "Mulamu, umerudi Katuba hata Kamina haujafika!" Kamina ni mji wa mbali kaskazini, kwenye njia ya treni.

Nikaketi kati yao. Napenda kueleza vitu. Nadhani watu wengi wanaodhani hawawezi simu hawajawahi tu kupata mtu wa kuketi nao bila kuwanyang'anya simu mkononi. Kwa hiyo simu ilibaki mkononi mwa mama, nami nikaonyesha kwa kidole bila kugusa.

"Juu kule, mama, kuna alama ya kioo cha kukuzia, chenye mpini. Iguse. Sasa andika unachotafuta."

Aliandika nkambo. Simu ikafikiri kidogo, kisha ikamwaga. Nkambo amelala. Nkambo anaomba samaki. Mwambieni nkambo mvua inakuja. Pole nkambo. Nkambo, nkambo, nkambo, toka juu hadi chini, na bado zilikuwa zinaendelea.

"Ni mingi," mama alisema, na sauti yake ikashuka.

"Ni mingi kwa sababu tumeuliza swali pana. Hatujakosea, tumeanza tu. Jina lake halikuandikwa kwenye sauti yenyewe. Tuandike la aliyeituma."

Akafuta, akaandika Mulamu Kinsevere, jina alilomhifadhia baba mdogo. Zikaja za baba mdogo peke yake. Bado zilikuwa bahari.

"Sasa tazama hapa chini ya ulichoandika. Kuna maneno madogo yamepangwa mstari mmoja: foto, video, odio, dokima za maandishi. Shangazi, inua chujio lako."

Shangazi aliinua kitambaa alichokuwa anachujia munkoyo, kinachuruzika.

"Ni kama hiki, mama. Kila neno pale ni chujio lenye matundu yake. Ukigusa foto, picha tu ndizo zinapita. Ukigusa odio, sauti tu. Vingine vyote vinabaki upande wa pili."

Mama alisogeza kidole polepole, kama mtu anayegusa paji la uso la mtoto mwenye homa. Akagusa odio.

Sijui niliseme vipi jambo hili bila kulikuza. Ni kitu ambacho watu hufanya kila siku wakiwa wamesimama barabarani, wakitafuna karanga. Lakini nilikuwa naangalia uso wa mama, na kwa mara ya kwanza nilikiona nilichokuwa nimekizoea. Miaka ile yote, misiba na mikate na mechi na salamu, ilijikunja. Ilijikunja mbele yetu bila kelele, na kilichobaki kilikuwa safu fupi ya mistari myembamba yenye mawimbi, na kila wimbi lilikuwa pumzi ya mtu mmoja, siku fulani, mahali fulani. Mama aliweka mkono mdomoni.

"Na bengine?" aliuliza kwa mnong'ono. "Bengine banaenda wapi?"

"Hawajaenda popote, mama. Wako palepale. Tumewaomba tu wakae chini, wenye sauti wasimame."

"Bote bakasikia?"

"Wote. Kwa mara moja."

Alitikisa kichwa. Shangazi alikuwa amesahau chujio, munkoyo unamdondokea miguuni. Hata nkambo alikuwa amenyoosha shingo. Niliona fahari kidogo, kana kwamba mimi ndiye niliyelibuni jambo lile.

Tukaanza kusikiliza. Baba mdogo aliuliza nani analeta unga. Baba mdogo aliimba wimbo wa kuzaliwa kwa mtoto wa mtu, akasahau jina katikati. Baba mdogo alipiga chafya, na hicho kilikuwa kila kitu. Baba mdogo alimlalamikia mtu aliyeegesha vibaya. Upepo tu. Baba mdogo tena, amekunywa, anatupenda sote. Tulifika ya mwisho. Nkambo hakuwemo.

Tukarudia toka juu. Hakuwemo.

Hapo utani uliisha. Shangazi aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono magotini. Mdogo wangu aliondoka kwenye mahindi, akaingia ndani.

"Basi nitasema Baba Yetu," shangazi alisema mwishowe. "Ile najua mupaka mwisho."

"Utamutosha mutoto mu nyumba na Baba Yetu kama maiti?" mama alimjibu, lakini bila nguvu.

Kisha simu ikaganda. Onyo la nafasi kujaa likatokea, na safari hii halikufungika. Mama aliipangusa kwa pindo la pagne. Halafu akasema neno ambalo sikutarajia kulisikia kutoka kwake.

"Futa mavideo. Yote. Labda odio imekosa nafasi ya kutoka."

Alidhani sauti ya nkambo imo mle, imebanwa na umati, kama mtu mfupi mlangoni mwa kanisa siku ya sikukuu. Nilimweleza kwamba haiwi hivyo, kwamba kitu kilichochujwa hakibanwi na kingine. Lakini simu yenyewe ilihitaji kupumua, hilo lilikuwa kweli, na video ndizo nzito. Nilimwuliza kama ana hakika. Akanipa simu mkononi, ndivyo nilivyojua.

Jina la baba mdogo lilikuwa bado limeandikwa pale juu. Chini yake niliondoa odio, nikagusa video. Vikaja vimraba vidogo, vimejipanga: wachezaji ngoma, mhubiri mwenye kitambaa cha jasho, goli, gari limezama matopeni, goli lilelile. Nikabonyeza cha kwanza kwa muda hadi alama ikatokea, kisha nikaendelea kuvigusa kimoja baada ya kingine, na kila kilichoguswa kilipata alama yake. Mama aliegemea begani kwangu, akiviaga kwa macho.

Ghafla alinishika kifundo cha mkono, kwa nguvu hata ikauma.

"Ngoja. Ile mbabula ni yangu."

Nilitazama. Kilikuwa kimraba cheusi chenye wekundu katikati, na alama yangu tayari juu yake. Mbabula ni jiko la makala; ya mama ilitengenezwa na fundi wa hapa Katuba kwa rimu ya gari, na mguu wake mmoja ulipong'oka mama aliweka nusu ya tofali mahali pake. Nusu ya tofali ilikuwa pale, chini ya wekundu, imeinamia kushoto kama ilivyoinamia wakati ule ule, hatua chache kutoka tulipoketi.

"Mbabula yangu inafanya nini mu telefone ya Kinsevere?" mama aliuliza.

Sote tuliliona jibu kwa pamoja, kila mmoja kwa njia yake. Kwetu mjane aliye katika kilio hapigwi picha. Mpaka siku ya kuondoa matanga, uso wake hauingizwi popote. Na baba mdogo, aliyejua kuendesha gari lenye magurudumu marefu kuliko mtu, hakujua kitu kingine cha kunasia sauti ndefu isipokuwa kamera. Kwa hiyo alipoketi na mama yake jikoni siku ile, aliigeuza kamera isimwone. Aliielekeza kwenye moto. Sisi tuliopokea tulisikia sauti ya nkambo na hatukuona mtu, basi vichwani mwetu ikakaa kama sauti. Yeye mwenyewe aliyeituma aliiita odio. Simu ndiyo peke yake iliyokumbuka kwamba ilikuwa video. Chujio hutazama chombo, halionji kilichomo.

Niliondoa alama ile kwa uangalifu mkubwa. Nikabonyeza.

Kwanza maharagwe yalichemka. Yalichemka vizuri, kwa kina, na kifuniko kiligonga gonga. Mtu alikohoa. Kisha nkambo akaanza kusema.

Shangazi alisimama juu ya miguu yake bila kujua kwamba amesimama. Sauti ilikuwa imara, kavu kidogo, na ilikuja kutoka kwenye makala mekundu, kana kwamba moto wa nyumba yetu umekuwa ukizijua sifa zetu muda wote na leo umeamua kusema. Ilipita mwanzo tunaoujua. Ilivuka mto wa kwanza. Ilivuka mto wa pili. Ilitaja mtu aliyebeba mbegu kwenye nywele zake. Mdogo wangu alitoka ndani, akabaki mlangoni, ameshika fremu. Katikati ya yote, pasipo kubadilisha pumzi, sauti iliingia kwenye Kiswahili: "Ongeza makala, moto iko nakufa!" Tukasikia makala yakimwagwa, cheche zikaruka kwenye kioo chenye ufa, na sifa zikaendelea palepale zilipoachwa, hadi tanuru, hadi treni, hadi yule mwanamke wa kituoni.

Nilimtazama nkambo. Alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilikuwa inakwenda, neno kwa neno, pamoja na ile sauti, bila kukosea. Nimeona mambo makubwa mjini humu. Nimeona tanuru likimwaga usiku hadi mawingu yakawa ya machungwa. Sijaona kitu kama mwanamke yule akiusindikiza mdomo wake mwenyewe kwa mdomo.

Baba alipopita na kusikilizishwa, alifurahi akatoa suluhisho la haraka: siku ya sherehe tutaunganisha simu na spika, basi. Mdogo wangu aliitikia kwa kichwa. Lakini nkambo alipiga mkeka kwa kiganja. Aliielekeza simu kidole, akakitikisa: hapana. Kisha akakielekeza kwenye mdomo wa shangazi.

"Miye?" shangazi alisema. "Yote ile?"

Kidole hakikushuka.

Basi shangazi akajifunza. Niliikata sauti vipande vifupi, nikavihamishia kwenye simu yangu nikamwazima, na nikamwonyesha namna ya kukirudia kipande kimoja hadi kikae. Alikwenda sokoni na sifa masikioni. Wateja walisema anawapimia sombe akiwataja mababu wasio wao. Alasiri alirudi na kuketi mbele ya nkambo, akasema alichokishika, na nkambo akamfundisha kwa njia iliyobaki: akikosea, nkambo alipiga paja mara mbili. Akipatia, alipiga mara moja, maana yake endelea. Siku za kwanza paja lile lilipigwa sana.

"Mama, utajivunja muguu," shangazi alilalamika, na nkambo akampiga paja lake yeye.

Nilimwambia shangazi asiogope kukwama. Anayekwama anajua alipofika. Nilisema kumtia moyo, lakini nilikuwa nikimwona akiingia mle kama mtu anayeingia gizani katika nyumba aliyozaliwa, akipapasa, kisha akianza kutembea.

Jumamosi wakwe walikuja kutoka mtaa wa Bel-Air, wamevaa vizuri, wana haraka kidogo kama wakwe wote. Waliwekwa chini ya turubai, wakanywa munkoyo, yakasemwa ya kusemwa. Mdogo wangu alitolewa chumbani akasimamishwa mlangoni, kwa ndani. Nkambo alikuwa kwenye kiti kando ya mlango. Shangazi alinyoosha mkono.

Alianza. Kelele za uani zilipungua, kisha zikaisha. Alivuka mto wa kwanza, na nkambo akapiga paja mara moja. Alivuka wa pili, mara moja. Alimtaja mwenye mbegu kwenye nywele, na mzee mmoja wa upande wa wakwe, ambaye naye alikuwa mtu wa kaskazini, alivua kofia. Mdogo wangu alikuwa anainua kichwa taratibu, jina baada ya jina, mpaka akawa mrefu kuliko nilivyomjua. Sauti ilikuwa ya shangazi, lakini mwendo ulikuwa wa nkambo, mpaka ile pumzi fupi kabla ya majina magumu.

Na katikati, bila kubadilisha pumzi, huku mkono umenyooshwa juu ya kichwa cha bibi-arusi, shangazi akatangaza:

"Ongeza makala, moto iko nakufa!"

Alilisikia neno likiwa limeshatoka. Nilimwona akilisikia. Alikuwa amejifunza vyote, pamoja na hilo. Upande wa wakwe walidhani ni sehemu ya sifa, na sehemu nzuri, wakapiga vigelegele. Mama, kwa mazoea ya miaka mingi, aliruka akakimbilia jikoni. Shangazi alibaki na mkono hewani, macho yamemtoka, akimtazama nkambo.

Sote tulimtazama nkambo. Akipiga mara mbili, ni lazima kurudi nyuma.

Mabega yake yalianza kutikisika. Kichwa kikaenda nyuma hadi kikagusa ukuta. Kisha likatoka, kutoka kwenye koo lililokaa kimya tangu kile kikombe cha chai: cheko. Lilikuwa la kukwaruza, limekauka, halikuwa na neno hata moja ndani yake, nalo lilikuwa sauti yake, ileile iliyokaa kwenye moto. Mdogo wangu aliigeukia sauti ile, amefunika uso kwa mikono miwili, analia na kucheka.

Nkambo alifuta macho. Aliinua kiganja, akakishusha kwenye paja.

Mara moja.

Shangazi akavuta pumzi, akaendelea kuelekea kwenye treni.